Mpaka wa Wajerumani (Migori na Homa Bay)

Mpaka wa Wajerumani ni mstari uliokubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, ukianzia pwani hadi Ziwa Viktoria kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini, na kuwagawa Wakuria bila wao kuulizwa. Septemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ujerumani yaliuvuka, yakaingia Karungu na Kisii, makao makuu ya wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyojumuisha Migori na Homa Bay za leo. Waingereza walipouhama mji wa Kisii, wafuasi wa Mumbo, dini iliyoanzishwa na Onyango Dunde mwaka 1913, waliona utabiri wa kuondoka kwa wazungu umetimia, nao mji ukaporwa. Baada ya vita hivyo utawala wa Ujerumani ng'ambo ya mpaka ulikwisha. Lakini mpaka wake ungalipo Isebania, kati ya Kenya na Tanzania.