Picha za Amani: Gofu la Nani?

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki maandishi. Leo naomba ruhusa nihakiki picha, kwani picha hizi kwanza zilinitoa machozi, halafu zikaniumbua.

Ni picha sita alizopiga mwanafunzi mwenzangu huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Zinaonyesha majengo ya taasisi kongwe ya utafiti: maabara yenye meza ndefu na viti vitupu, kabati lililojaa chupa, rafu za vitabu, varanda ambayo ukungu umeifikia hadi mlangoni. Mtu hata mmoja hamna. Nilipoziona nilisikia ubaridi moyoni, nikaandika kazi ya semina nikaipa jina "Kaburi la Elimu". Nilijiona nimepatia kweli kweli.

Kabla sijaendelea, historia kidogo. Wajerumani waliianzisha taasisi hii mwaka 1902 ili kuchunguza mimea ya kuwaletea faida katika koloni lao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njia za baharini zilipofungwa, magome ya miti iliyopandwa Amani yalitoa kwinini ya kuwatibu askari wao. Waingereza waliingia mwaka 1916, na katika miaka ya 1930 mtaalamu wao, H. H. Storey, pamoja na wenzake, walikuwa wakizalisha pale mihogo yenye kustahimili ugonjwa wa batobato. Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ukaanza kuhamishiwa Muguga, Kenya, na baadaye Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilipoundwa mwaka 1979, Amani ikawa chini yake, na miaka ya baadaye shughuli nyingi zikateremkia Muheza mjini. Kwa ufupi, wakubwa wa Amani wamefungasha mizigo zaidi ya mara moja.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Wakati wa likizo nilikwenda Tanga kumsalimia babu mzaa mama. Nilijua kwamba ujanani aliwahi kufanya kazi "kule juu", lakini kazi gani, sikuwahi kuuliza. Baada ya shikamoo na chai nikamwonyesha picha, nikamsomea na ile kazi yangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Mke wangu, kaburi la nani? Nani kafa hapo?"

Nikakosa jibu. Akaishika picha ya maabara, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee.

"Na mbona sakafu imefagiliwa?"

Nikaangalia. Kweli, ilikuwa imefagiliwa! Ile meza ndefu haikuwa na vumbi. Chupa kabatini zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, kila moja na kizibo chake. Mimi mhakiki, niliyejisifu kwa kusoma kati ya mistari, sikuwa nimeliona fagio lililopita.

Ndipo akaanza kusimulia. Alikuwa mhudumu wa maabara katika miaka ya 1960. Alifuga mbu, akawahesabu, akawapasua chini ya hadubini kutafuta vimelea. Kiti cha tatu kutoka dirishani ndicho kilikuwa chake. Basi nikaelewa kwa nini babu akiosha glasi za chai huiinua kila moja kwenye mwanga na kuizungusha kabla ya kuipanga. Nyumbani tulikuwa tunamcheka tu.

Hapa ndipo ninapouona ubovu wa usomaji wangu. Mapokeo yetu yametufunza namna moja ya kulitazama jengo tupu. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonyesha moyo wake magofu ya Pate ili utambue kuwa dunia inapita. Mle wenye nyumba wamekwisha kufa, na kimya cha kuta ndicho ushahidi wenyewe. Mimi niliubeba usomaji huo mzima mzima nikaupandisha Amani, bila kujiuliza kama unafaa. Ya Amani ni mengine. Waliohama ni wakuu na mafungu ya fedha. Wapo waliobaki, wakishika funguo na kufagia, na wapo kama babu, wazima kabisa, bondeni, wakinywa chai. Ukiliita jengo lile kaburi, nao umewazika.

Yawezekana mwenzangu atasema kuwa picha haina kosa, kwani inaonyesha kilichopo. Sikubaliani naye. Mpiga picha alichagua kusubiri hadi mfagiaji atoke. Na sisi watazamaji tunaipenda huzuni isiyo na mtu, maana haitudai kitu. Hata taarifa za kitaalamu aghalabu huwashukuru wahudumu kwa mkupuo, bila majina. Picha tupu inaumaliza ufutaji ule ule. Ndiyo maana nafurahi kwamba mwanaanthropolojia Wenzel Geissler alikwenda Amani kuwasikiliza wazee waliofanya kazi pale.

Sisemi kwamba majonzi yangu yalikuwa ya uongo. Babu naye alihuzunika. Aliitazama ile picha muda mrefu, asiirudishe haraka. Ila mimi nililia jengo, yeye alikumbuka kazi. Alitaka kujua kama hadubini zimefunikwa, na nani anafungua madirisha ili unyevu usile vitabu. Nilimwahidi kuyapeleka maswali hayo kwa mpiga picha wetu, naye ameahidi kurudi Amani, safari hii aanzie kwa mwenye funguo.

Kazi ya semina nimeiomba irudishwe. Neno "kaburi" nimelikata, na badala yake sijapata. Mwenye nalo anitafute, lakini kwanza aitazame sakafu.