Kamba moja au mbili? Historia ya wakata mikungu ya michikichi Kongo

Katika vijiji vya Fizi na Beni, familia nyingi zilizokimbia vita hazina shamba lao. Baba na vijana hutafuta vibarua, na moja ya vibarua hivyo ni kupanda michikichi ya wenyeji na kukata mikungu ya mawese. Mtu akianguka, watu husema haraka: angekuwa na kamba ya pili, angepona. Historia ya kazi hii nchini kwetu inaonyesha kwamba kamba ya pili ni jibu la nusu tu.

Kamba ya mkwezi ni duara moja. Inazunguka shina la mti na kuzunguka mgongo wa mtu. Anaegemea nyuma, miguu inasukuma shina, kisha anajivuta karibu na mti na kuirusha kamba juu kidogo. Uzito wake mwenyewe ndio unaoikaza. Zamani ilisukwa kwa nyuzi za miti au kamba za porini, na kila mwanaume aliijua kamba yake: lini ilisukwa, wapi imeanza kuliwa. Mchikichi wa porini unaweza kufika meta 20 na zaidi, lakini mtu alipanda siku nyumba ilipohitaji mafuta. Mvua ikinyesha na shina likiteleza, alingoja.

Mambo yalibadilika mwaka 1911. Tarehe 14 Aprili mwaka huo serikali ya Ubelgiji ilitia sahihi mkataba na Mwingereza William Lever, mtengeneza sabuni. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki juu ya michikichi katika maeneo matano ya nchi. Makao makubwa yalikuwa Leverville, leo Lusanga, kando ya mto Kwilu. Mashamba ya kupandwa yalikuwa bado, kwa hiyo viwanda vilitegemea miti ya porini na watu wa kuipanda.

Kodi ililipwa kwa pesa, na pesa ilitoka kwenye mikungu. Wakuu wa serikali waliisaidia kampuni kupata wafanyakazi, mara nyingi kwa nguvu. Kapita alihesabu matunda, hakuhesabu uchovu. Mkwezi alipanda kwa kamba ya aina ileile ya mababu, lakini uamuzi wa kupanda au kungoja haukuwa wake tena. Bei ya mawese ilipoanguka baada ya mwaka 1929, malipo ya mkata mikungu yalipunguzwa, na kodi ikaendelea kudaiwa. Ili apate pesa ileile, ilimpasa apande miti mingi zaidi. Mwaka 1931 Wapende waliasi, na jeshi la Force Publique likaua mamia ya watu.

Kilichopunguza kupanda kilitoka mahali pengine. Huko Yangambi, karibu na Kisangani, kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC kilichunguza mbegu za michikichi. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwamba mchikichi wenye kokwa la ganda jembamba na mafuta mengi huzaliwa kwa kuunganisha mti wa ganda nene na mti usio na ganda. Hapo mashamba yakaanza kupandwa kwa mbegu iliyochaguliwa. Mchikichi wa shambani huzaa baada ya miaka mitatu au minne, ukiwa bado mfupi. Mtu hukata mkungu akiwa amesimama chini, kwanza kwa patasi, baadaye kwa mti mrefu uliofungwa mundu. Ukifika miaka kama 25 na kuwa mrefu mno, hung'olewa. Shabaha ilikuwa mafuta zaidi. Hata hivyo, mtu aliyesimama chini hawezi kuanguka kutoka meta 20.

Uingereza, nchi aliyotoka Lever, nayo imebishana juu ya kamba ya pili kwa wakata matawi. Sheria ya mwaka 2005 ilitaka anayening'inia kwa kamba awe na mbili, kila moja imefungwa mahali pake, isipokuwa ikionyeshwa kwamba ya pili inaongeza hatari. Kwa miaka mingi wakwezi walifanya kazi kwa kamba moja wakitumia nafasi hiyo. Walisema kamba mbili hunasana kwenye matawi, huchosha na huchelewesha mtu anayetaka kushuka haraka. Mwaka 2020 mwongozo wa kazi yao ulibadilika, kamba mbili zikawa ndiyo kawaida. Lakini mwongozo huohuo unataka kwanza watu waulize kama kazi inaweza kufanywa bila kupanda kabisa.

Kwa mkata mikungu, kamba ya pili ina faida ya kweli. Panga likiteleza na kukata ya kwanza, ya pili inamshika. Ila zikipita pamoja mahali pamoja, panga moja linaweza kukata zote mbili. Na kama zote ni kuukuu, ana kamba mbili mbovu. Haimzuii nyigu aliyejificha kwenye makuti, wala haiukaushi mti uliolowa. Mwenye shamba akisema kwa kuwa kuna kamba mbili sasa miti kumi iwe ishirini, faida yote imeliwa.

Kwa hiyo familia inayomtuma kijana kwenye kibarua hiki ina maswali ya kumuuliza mwenye shamba kabla ya swali la kamba ya pili. Je, miti mifupi inaweza kukatwa kwa mundu kutoka chini? Kamba ni ya nani, na nani ameikagua leo asubuhi? Mvua ikinyesha, kijana anaweza kungoja bila kupoteza kibarua? Akivunjika mguu, nani atalipa hospitali? Mwenye shamba akijibu vizuri, kamba ya pili itakuwa na kazi ya kufanya.