Roho ya Ruta Bila Mwili Wake: Historia Fupi ya Maabara za Mitandao

Kwa miaka mingi, aliyetaka kujifunza kazi ya mitandao ya kompyuta alihitaji chuma. Ruta, yaani mashine inayopokea pakiti za data na kuzichagulia njia ya kuufikia mtandao mwingine, haifundishiki ubaoni tu. Sharti mwanafunzi aipe amri na kuona inavyojibu. Tena ruta moja haitoshi, kwa kuwa kazi yake hasa ni kuzungumza na ruta nyingine. Kampuni ya Cisco ilianzisha mtihani wake mkuu, CCIE, mwaka 1993, na watahiniwa wa miaka iliyofuata walinunua mashine kuukuu au kukodi saa chache katika maabara za wengine. Asiyekuwa na fedha alibaki na kitabu.

Badiliko kubwa lilitoka Ufaransa. Mwezi wa Agosti 2005, Christophe Fillot, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Compiègne, alianza kuandika programu iitwayo Dynamips, kwa nia ya kuiga ruta ya Cisco ya aina ya 7200 ndani ya kompyuta ya kawaida. Kuweka mashine ndani ya mashine hakukuwa jambo geni, kwani IBM ilikuwa na VM/370 tangu 1972. Ugumu wa Compiègne ulikuwa wa lugha. Prosesa ya ruta hiyo ni ya ukoo wa MIPS, na amri zake hazieleweki kwa prosesa ya kompyuta ya mezani. Dynamips ikawa mkalimani: ilisoma amri za MIPS, ikazitafsiri papo hapo, na kuihifadhi tafsiri ili isirudie kazi ileile.

Hapa neno moja lahitaji kuangaliwa. Faili ambayo Dynamips huiendesha huitwa na wataalamu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, kwa neno lenye maana ya picha. Neno hilo lapotosha. Picha ya mtu haisemi, lakini faili hii husema: ni mfumo mzima wa IOS, kama unavyokaa katika ruta ya chuma. Kilichoigwa ni mwili. Roho ni ileile. Kwa hiyo kuiita ruta ya namna hii "bandia" si haki, na "ruta pepe" lafaa zaidi. Jina la bandia lingestahili labda Packet Tracer, programu ya kufundishia ya Cisco yenyewe, ambayo huigiza majibu bila kuendesha IOS halisi. Humo, amri ambayo watungaji hawakuiweka haipo.

Tatizo lililosumbua zaidi lilikuwa la ajabu: ruta iliyopumzika. Ruta isiyo na kazi hainyamazi, bali huzunguka katika amri chache ikingoja pakiti. Mkalimani hakujua kwamba maneno hayo ni ya kupitisha wakati, akayatafsiri yote kwa bidii, hata ruta moja isiyofanya lolote ikala nguvu zote za prosesa. Dawa iliyopatikana ni ya kitakwimu. Programu huchunguza kwa muda ni anwani ipi ya amri inayorudiwa kupita kiasi. Ikishajulikana, Dynamips hulala kidogo kila mara ruta inapozunguka hapo. Anwani hiyo hutegemea faili ya IOS, hivyo aliyeipata aliweza kumpa mwenzake mwenye faili kama hiyo. Baadaye pia ruta kadhaa zenye faili moja ziliwezeshwa kutumia nakala moja kumbukumbuni.

Fillot hakudai kwamba ameiondoa ruta ya kweli. Yeye mwenyewe alieleza kwamba Dynamips hupitisha pakiti 1,000 hivi kwa sekunde, ambapo prosesa kongwe ya aina ya 7200 hupitisha 100,000. Kwa kujifunza, hizo 1,000 zilitosha kabisa. Greg Anuzelli aliongeza Dynagen, ambamo mtandao mzima huandikwa katika faili moja ya maandishi, na kisha GNS3 ya Jeremy Grossmann ikawawezesha watu kuuchora kwenye kioo.

Hata hivyo mlango haukufunguka wote. Dynamips ilitolewa bure, lakini ilikuja mikono mitupu: IOS ni mali ya Cisco, na mtumiaji hana budi kuileta mwenyewe. Yule aliyefaidika zaidi na ruta pepe, yaani asiye na ruta ya chuma, ndiye hasa asiye na haki ya kuwa na faili yake. Wengi waliipata kwa siri, na maabara nyingi zilijengwa juu ya siri hiyo. Cisco ilijibu mwaka 2014 kwa VIRL, yenye faili halali kwa ada ya mwaka. Mwaka 2020 ikaibadili kuwa Cisco Modeling Labs, na baadaye ikaongeza toleo la bure lenye kikomo cha mashine tano.

Njia nyingine ilitoka kwa programu huria. Brocade iliponunua Vyatta mwaka 2012, watumiaji waliichukua sehemu yake huria na kuiendeleza kwa jina la VyOS kuanzia 2013. Faili yake haihitaji siri, nayo huzungumza OSPF na BGP na ruta ya Cisco bila shida, kwa maana itifaki hizo ni za wote. Amri zake tu ndizo tofauti, na mtihani wa Cisco huuliza amri za Cisco.