Maada fiche au kanuni iliyokosewa?

Maada giza ni jina la kitu ambacho hakijawahi kunaswa na chombo chochote. Kilichopimwa ni mwendo. Katika mfumo wa jua, sayari ya mbali huenda polepole: Utaridi hukimbia kilomita 47 kwa sekunde, Neptuni 5 tu na ushei. Lakini Vera Rubin na Kent Ford, walipochapisha vipimo vyao vya galaksi ya Andromeda mwaka 1970, walikuta mawingu ya gesi ya pembezoni hayapunguzi mwendo namna hiyo. Kwa hesabu za Newton, nyota zinazoonekana hazina uvutano wa kutosha kuyashikilia. Fritz Zwicky alikwisha kuona upungufu wa aina hiyo mwaka 1933, katika kundi la galaksi la Coma, akatumia jina hilohilo kwa Kijerumani.

Neno giza halinikai sawa. Vumbi la Njia Nyeupe ndilo linaloonekana jeusi, kwa kuwa huziba mwanga wa nyota. Kitu hiki hakiuzibi wala hakiutoi. Mwanga hukipenya bila kuzuiwa. Ndiyo maana nasema maada fiche. Hata hivyo neno maada nalo linadai kwamba kitu kipo, na hapo ndipo penye ubishi.

Mwanaastronomia Urbain Le Verrier alikumbana na fumbo la namna hii mara mbili. Uranus ilipokengeuka alisema ipo sayari iliyojificha, na mwaka 1846 Neptuni ikaonekana. Utaridi ulipokengeuka akadai sayari nyingine, ikaitwa Vulkani, isionekane kamwe. Mwaka 1915 Einstein, kwa nadharia ya uhusianifu wa jumla, alionyesha kuwa kilichopungua ni kanuni ya Newton yenyewe.

Mwaka 2005 Fred Cooperstock na Steven Tieu walidai kuwa galaksi nayo ni kisa cha Utaridi. Kwa Einstein uvutano huzaa uvutano, hivyo haitoshi kujumlisha mchango wa nyota mojamoja. Dai lao linavutia, ila Mikołaj Korzyński alipolikagua suluhisho lao alikuta limeficha ndani yake sahani nyembamba ya maada ya ziada. Wengine wakategemea mkokoto: maada inayozunguka hukokota anga na wakati pamoja nayo. Mkokoto ni wa kweli, na setilaiti ya Gravity Probe B iliupima kandokando ya Dunia. Lakini ni mdogo mno. Hufuata mraba wa mwendo ukigawanywa kwa mraba wa kasi ya mwanga. Jua huizunguka galaksi yetu kwa kilomita 220 hivi kwa sekunde, mwanga huenda 300,000. Jibu ni kama sehemu moja katika milioni mbili. Upungufu wa galaksi, kwa upande wake, unashinda maada yote tunayoiona.

Kwa hiyo neno maada nalibakiza, na zaidi kwa sababu ya kundi la Bullet, lililoelezwa mwaka 2006. Humo makundi mawili ya galaksi yaligongana, na gesi yao, iliyo nzito kuliko nyota zote, ikabaki nyuma. Uvutano, ukipimwa kwa jinsi unavyopinda mwanga, haukubaki na gesi. Uliendelea mbele pamoja na galaksi.