Makro, Aina na Kiundaji: Historia ya Istilahi Tatu za Kompyuta

Miongoni mwa istilahi ambazo watafsiri wa vitabu vya kompyuta hutuletea, zile za vifaa vinavyoshikika hazitusumbui sana. Kibodi huonekana kwa macho, na anayebisha jina lake huoneshwa chombo chenyewe. Taabu iko kwenye dhana. Katika makala haya tunakusudia kufuatilia historia ya dhana tatu, yaani makro, aina na kiundaji, ambazo siku hizi zinakutana katika lugha ya Rust, mojawapo ya lugha za kuandikia programu za msingi ambazo programu nyingine husimama juu yake. Tunaanza na historia kwa sababu mtafsiri asiyejua neno limetoka wapi hulitafsiri kwa sura yake, akaiacha kazi yake.

Mfano wa hatari hiyo ni neno kompaila. Wapo wanaoliita kikusanyaji, kwa kuwa shina lake katika Kiingereza lina maana ya kukusanya. Ajabu ni kwamba jina hilo lingefaa kabisa mwaka 1952, pale Grace Hopper alipotengeneza mfumo wa A-0 kwa ajili ya mashine ya UNIVAC, kwani kazi ya mfumo ule ilikuwa hasa kukusanya vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha. Kompaila za baadaye hazikusanyi tu; zinasoma lugha moja na kuandika nyingine, na kabla ya kuandika zinakagua. Jina lilibaki, kazi ikahama. Ndiyo maana sisi tumeona heri kulitohoa.

Neno makro limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya -refu. Katika miaka ya 1950 waandishi wa programu waliandika amri za mashine moja baada ya moja, na mfululizo uleule ukarudiwa mara nyingi mno. Wakaupa mfululizo huo jina moja. Kila jina lilipotajwa, mashine iliweka amri zote mahali pake. Mwaka 1960 Douglas McIlroy wa Bell Labs alichapisha makala yaliyoonesha jinsi uwezo huo unavyoweza kuongezwa hata kwenye lugha zilizo mbali na amri za mashine. Mwaka 1963 Timothy Hart wa MIT aliupeleka kwenye lugha ya Lisp, ambamo programu yenyewe huandikwa kwa umbo la orodha. Kwa hiyo makro ya Lisp hupokea orodha na kurudisha orodha, badala ya kubandika herufi tupu.

Lugha ya C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilichagua njia ya kubandika. Tuseme mtu ameandika makro ya kutafuta mraba, akaeleza kwamba mraba wa kitu ni kitu hicho mara kitu hicho. Akiipa 1+2 atatarajia kupata 9. Lakini makro haijui hesabu. Inabandika tu, na kinachopatikana ni 1+2×1+2, ambayo ni 5. Wazoefu walijifunza kutia mabano kila mahali. Tatizo jingine halikutibika kwa mabano: jina lililotumiwa ndani ya makro liliweza kugongana na jina kama hilo alilolitumia mwandishi nje yake, na hesabu ikaharibika kimyakimya. Mwaka 1986 Eugene Kohlbecker na wenzake watatu walieleza namna ya kuyatenga majina hayo, na mbinu yao ikaitwa kwa neno lenye maana ya usafi wa kiafya. Tunaona neno usafi linatosha, mradi mwalimu aeleze kwamba unaozungumziwa ni usafi wa majina.

Historia ya aina ni nyingine, na kwa msemaji wa Kiswahili ina mvuto wa pekee. Katika Fortran, iliyotolewa mwaka 1957, herufi ya kwanza ya jina ndiyo iliyotambulisha aina: jina lililoanza kwa herufi yoyote kuanzia I hadi N lilikuwa la namba kamili, na mengine yalikuwa ya namba zenye desimali. Nani miongoni mwetu asiyekumbuka hapo kiambishi cha ngeli? Mtu akisema "mtoto kimeanguka", sikio hukataa kabla akili haijauliza ni mtoto gani. Lugha yenye aina hufanya hivyohivyo: hukataa sentensi isiyo na upatanisho kabla programu haijaanza kufanya kazi. Tunapenda mwalimu autumie mfano huo darasani. Hata hivyo hatukubaliani na wanaotaka "ngeli" iwe ndiyo istilahi yenyewe, kwa kuwa ngeli za lugha ni chache na hurithiwa, ilhali aina za programu mwandishi huziunda mwenyewe apendavyo.

Hasara ya kukosa upatanisho huo ilionekana tarehe 23 Septemba 1999, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipopotea kilipokuwa kinaingia kwenye mzingo wa sayari ya Mirihi. Programu moja ya ardhini ilitoa namba kwa kizio cha paundi-sekunde, nyingine ikazipokea kana kwamba ni nyutoni-sekunde, na tofauti kati ya vizio hivyo ni takriban mara 4.45. Namba zilikuwa namba tu. Hazikubeba kiambishi chochote cha kuwashtua wahusika.

Sasa tuje kwenye kiundaji. Kitu cha programu chenye sehemu nyingi, baadhi za lazima na baadhi za hiari, hujazwa kama fomu. Kitabu cha mwaka 1994 cha Erich Gamma na wenzake watatu kiliorodhesha njia ya kukijenga kitu hatua kwa hatua miongoni mwa ruwaza zake 23, na Joshua Bloch aliipa sura inayofahamika zaidi leo katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu lugha ya Java, mwaka 2008. Mtumishi wa serikali ataelewa upungufu wake upesi. Mwombaji hujaza fomu, hupanga foleni, na anapofika dirishani ndipo karani amwambiapo kuwa hakutia sahihi. Kosa ni la asubuhi, habari zake huja jioni.

Dawa yake ilikwisha kutajwa mwaka 1986, Robert Strom na Shaula Yemini walipoeleza kwamba aina ya kitu iandamane na hali yake, ili tendo lisilofaa katika hali fulani likataliwe na kompaila. Rust, iliyoanzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006 na kufikia toleo la 1.0 tarehe 15 Mei 2015, ilikuwa na dhana hiyo katika matoleo yake ya awali, kisha ikaiondoa kabla ya toleo hilo. Ilirudi kwa mlango mwingine. Katika Rust kitu kina mwenyewe mmoja. Ukikikabidhi, huna tena haki ya kukitumia. Basi kila mara mwandishi anapojaza sehemu moja, fomu ya zamani huchukuliwa na hupewa fomu ya aina nyingine. Dirisha la kupokelea lipo kwa ile fomu tu ambayo sehemu zake zote za lazima zimejazwa. Anayekosa sahihi hakatazwi dirishani. Dirisha lenyewe halioni.

Kazi ya kuandika hayo kwa mkono inachosha. Sehemu 5 za lazima zina hali 32 zinazowezekana, na ingawa ziko njia za kufupisha, bado maandishi ni mengi na ya kurudiarudia. Hapo ndipo makro inaporejea. Tangu toleo la 1.15 la Februari 2017, Rust inaruhusu makro ambazo zenyewe ni programu kamili: husoma maelezo ya kitu, kisha huandika kiundaji chake. Vifurushi kama typed-builder na bon hufanya kazi hiyo. Ikumbukwe kwamba makro hiyo haizijui aina. Huona maneno tu, kama karani anayenakili hati bila kuwa mwanasheria. Anayekagua ni kompaila, baada ya makro kumaliza. Kwa hiyo si sahihi kuandika, kama tulivyoona katika tafsiri kadhaa, kwamba makro "inahakikisha" aina.

Kuhusu majina, "makro" na "aina" hayana mgogoro. "Mjenzi" lina uhai mno: litadai "mjenzi amejazwa" na "wajenzi wamekataliwa", na msomaji ataona mafundi. "Kijenzi" huwaelekeza wengi kwenye sehemu ya kitu kilichojengwa. Tunapendekeza "kiundaji".

Ugumu mkubwa uko kwenye ile sifa ya usalama. Wanafunzi wengi huandika "salama kiaina". Lakini katika mazungumzo ya kila siku "kiaina" ni kusema kwa namna fulani, si hasa. Gari lililopona kiaina halijapona. Istilahi iliyokusudiwa kutangaza uhakika inageuka kuwa tangazo la mashaka. "Salama kwa aina" ni nafuu, ila inaacha swali: salama kwa aina gani? Pendekezo letu ni "kiundaji chenye upatanisho wa aina", ambalo ni refu, lakini kila aliyesoma sarufi ya Kiswahili shuleni anajua upatanisho unapovunjika husikika vipi. Kwa sehemu ya lazima ambayo haijajazwa tunatumia "pengo", na ujumbe wa kompaila ufasiriwe hivyo: pengo la jina, pengo la anwani, pengo la sahihi.