Spika Moja ya Bibi

Nyumbani kwetu Kurasini kuna vita. Upande huu mjomba na sabufa lake, upande ule bibi na redio yake ya National, yenye spika moja tu, upana wa kiganja. Wiki iliyopita karatasi ya spika ilichanika. Mjomba akasema, "Mama, sasa tuitupe." Bibi akamjibu, "Niachie redio yangu. Hilo lako linanguruma kama lori la bandarini, maneno siyasikii."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilipoichimba historia, nikaona bibi ana hoja.

Spika tuliyonayo leo, ya karatasi, koili na sumaku, ilielezwa mwaka 1925 na Wamarekani wawili wa General Electric, Rice na Kellogg. Karatasi moja ilibebeshwa kazi zote: ngoma, sauti ya mtu na kayamba. Miaka ya 1930 majumba makubwa ya sinema yaligawa kazi hiyo: spika kubwa ibebe besi, ndogo ibebe sauti nyembamba.

Huku kwetu, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 kituo hicho kikawa Redio Tanzania. Redio nyingi majumbani zilikuwa za spika moja: za Philips zilizoundwa Arusha, na za National za kiwanda cha Matsushita hapa hapa Dar. Spika ya namna hiyo haina makuu. Nguvu kidogo inaitosha, betri zinadumu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio wakijifunza habari za vyoo na maji safi. Nani angeuliza besi iko wapi?

Uzuri wake ndio huo. Sauti nzima ya mtu inatoka sehemu moja, haikatwikatwi njiani, na neno linafika likiwa neno.

Lakini tusidanganyane, jamani. Karatasi ndogo haisukumi hewa ya kutosha kwa besi. Ukiikuza, besi inakuja, ila sauti nyembamba inakwenda mbele tu kama mwanga wa tochi. Aliyekaa pembeni haipati. Zamani hatukuona kasoro hiyo sana, kwa sababu matangazo ya masafa ya kati yenyewe kwa kawaida hayakuvuka sana mitetemo 5,000 kwa sekunde, wakati sikio la kijana hufika 20,000. Zilipokuja FM za miaka ya 1990, na Radio One mwaka 1994, spika moja ikaumbuka. Gitaa la besi la Mlimani Park unalikisia zaidi kuliko kulisikia.

Mjomba mwenyewe ujanani alikuwa akiiweka spika kwenye mdomo wa mtungi. Si uchawi. Spika iliyo wazi husukuma hewa mbele huku ikiivuta nyuma, na besi inajiua yenyewe. Mtungi unazitenganisha hewa hizo mbili.

Basi nikamuuliza bibi kwa nini anang'ang'ania. Akazima jiko kwanza.

"Mwaka 1984, mjukuu wangu, redio hii ndiyo iliyonitangazia kifo cha kaka yangu kule Kilwa. Walitaja jina lake, la baba yetu, kijiji, na siku ya mazishi. Mara moja tu. Ningekosea kijiji nisingemzika."

Nilinyamaza. Jioni nikaibeba redio kwa fundi. Alitaka kunifungia spika mpya, kubwa zaidi. Nikamwambia hapana, aigundishe ile ile. Akacheka, akachukua gundi na kipande cha karatasi nyembamba.

Sasa inakoroma kidogo kwenye ngoma. Lakini taarifa ya habari ikianza, mjomba mwenyewe anapunguza sabufa lake ili asikie.