Bure na Huru: Habari ya Mfumo wa Kompyuta Waliogawiwa Watu Wote

Somo hili lilisomwa redioni. Sasa limepigwa chapa ili ulisome polepole, kalamu mkononi. Leo tuna maneno mawili: bure na huru. Kwa sauti yanakaribiana, kwa maana yako mbali. Kitu cha bure hakilipiwi. Mtu huru hazuiwi. Kiingereza, pamoja na wingi wa maneno yake, kina neno moja tu kwa mambo yote mawili, na neno hilo limewasumbua watu miaka mingi katika habari nitakayokueleza.

Kwanza tuijue kompyuta. Kompyuta ni mashini inayofuata maagizo, na maagizo hayo huitwa programu. Iko programu moja inayoamka kabla ya nyingine unapowasha mashini. Kazi yake ni kuzigawia programu zote nafasi na zamu, kama msimamizi wa bandari; bila yeye vyombo vyote vingegombea gati moja. Programu hiyo ndiyo iitwayo mfumo endeshi.

Sasa sikiliza vizuri. Anayetunga programu huiandika kwa maneno na alama ambazo mtu aliyejifunza aweza kuzisoma. Baadaye maandishi yale hugeuzwa kuwa tarakimu zinazofaa mashini peke yake. Mwenye programu akikuuzia tarakimu tu, maandishi akayaficha, umenunua cherehani iliyotiwa kufuli. Utashona, lakini uzi ukikatika kila mara huwezi kuifungua uone kwa nini, wala fundi wa mtaani kwako hawezi. Programu ambayo maandishi yake yako wazi, na unaruhusiwa kuyabadili na kuyagawa, huitwa programu huria.

Habari yenyewe inaanza Marekani, katika chuo cha MIT, karibu mwaka 1980. Alikuwapo pale mtunga programu jina lake Richard Stallman. Katika chumba chao walikuwa na mashini ya kuchapa karatasi, nayo ilikuwa na tabia ya kukwama. Stallman aliwahi kuirekebisha programu ya mashini ya zamani, hata karatasi zikikwama, wote waliokuwa wakingoja walipata taarifa. Ikaja mashini mpya kutoka kampuni ya Xerox, bila maandishi ya programu yake. Ikakwama vile vile, wala hapakuwa na njia ya kuirekebisha. Akasikia kwamba yuko mtu katika chuo kingine mwenye maandishi yale. Akamwendea, akamwomba nakala. Yule mtu akakataa. Alikuwa amekwisha ahidi kutompa mtu yeyote. Stallman akageuka, akaenda zake bila kusema neno.

Labda utasema: karatasi kukwama ni jambo dogo. Ni kweli. Lakini fikiri: mjuzi yupo, maandishi yapo, kasoro inajulikana, na bado haitengenezwi, kwa sababu ahadi imemfunga mtu asimsaidie mwenzake. Stallman aliona kwamba siku zijazo kila mtunga programu atatakiwa kutoa ahadi ya namna hiyo. Basi tarehe 27 Septemba 1983 akatangaza kwamba atatunga mfumo mzima ulio huru, akauita GNU. Januari 1984 akaacha kazi pale chuoni, ili chuo kisije kudai kwamba mfumo ule ni mali yake.

Mwaka 1989 ikatoka leseni yake, iitwayo kwa kifupi GPL. Mfano wake ni mtu aliyechimba kisima akaweka sharti moja. Chota, pikia, hata kuuza maji ukitaka, uza; ila usijenge ukuta ukamzuia aliye nyuma yako. Yaani, ukimpa mtu programu hii, uliyoibadili au usiyoibadili, mpe na maandishi yake na ruhusa ile ile uliyopewa wewe. Mimi naona leseni hii ni kazi kubwa kuliko programu zote alizoandika.

Hata hivyo mfumo wake haukutimia upesi. Kufikia mwaka 1991 vyombo vingi vilikuwa tayari, lakini kiini, yaani ile sehemu inayozungumza na mashini yenyewe, hakikuwa tayari.

Sasa twende Ufini, nchi ya baridi huko Ulaya ya kaskazini. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki alikuwapo mwanafunzi wa miaka 21, Linus Torvalds. Januari 1991 alinunua kompyuta, akiilipia kidogo kidogo. Alikuwa akijifunza kwa mfumo mdogo uitwao Minix, uliotungwa na mwalimu mmoja huko Amsterdam kwa ajili ya wanafunzi, lakini haukumtosha. Akaanza kuandika kiini chake mwenyewe, akitumia vyombo vya GNU. Tarehe 25 Agosti 1991 akawaandikia watumiaji wenzake wa Minix, akawaambia kwamba hiyo ni kazi ya kujifurahisha tu, wala haitakuwa kitu kikubwa. Septemba akatoa nakala ya kwanza, mistari kama 10,000. Yeye alitaka kuiita Freax. Ari Lemmke, aliyemtafutia mahali pa kuiweka ili watu waichukue, akaandika juu yake Linux. Tushukuru.

Watu wakaijaribu, wakaandika barua za kueleza kasoro, wengine wakatuma marekebisho yaliyokwisha fanywa. Waliotaka kumpelekea fedha aliwaambia wamletee kadi za posta.

Hapa ndipo yale maneno yetu mawili yanapokutana. Sharti la kwanza la Torvalds lilikuwa hili: mtu asitoze hata senti moja. Linux ilikuwa bure kabisa. Lakini waliotaka kuwapelekea wageni nakala mikutanoni walipaswa kununua visahani vya kunakilia, na visahani vina bei. Walitaka tu kurudisha gharama yao, nalo sharti liliwakataza. Wakamwomba alibadili. Mwaka 1992 Torvalds akaiweka Linux chini ya leseni ya GPL, inayoruhusu kuuza. Waona? Alipoacha kulazimisha iwe bure, ndipo ikawa huru, na ndipo ilipoweza kusafiri. Machi 1994 nakala iliyohesabiwa kuwa kamili ilikuwa na mistari zaidi ya 170,000.

Lakini kuwa huru si kuwa rahisi. Kuweka Linux katika mashini siku zile kulitaka ujasiri. Ukikosea, waweza kufuta barua na hesabu zako zote. Kwa hiyo katika miji mingi vikundi vya wapenzi wa Linux vilitangaza siku maalum: njoo na kompyuta yako, tuketi pamoja tukuwekee. Mgeni alifika asubuhi amebeba mashini, akaketi kando ya mwenyeji, kama wewe ulivyoketi kando ya mwalimu ulipojifunza kuandika jina lako. Nitasema kweli, si wote waliokuwa wapole. Wako waliomjibu mgeni kwa ukali, "Nenda kasome kitabu!", na wageni wengi walirudi makwao wasionekane tena. Baadaye zilipatikana diski ambazo waitia, mfumo unafanya kazi mbele ya macho yako, na mashini yako haibadilishwi kitu. Diski hizo ziliondoa hofu kuliko hotuba nyingi.

Oktoba 2004 Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, pamoja na wenzake, wakatoa namna ya Linux iliyokusudiwa watu wa kawaida, wakaiita Ubuntu. Neno hili ni la Kizulu na Kixhosa. Huhitaji kamusi, ni ndugu wa neno letu utu. Kampuni yake ilipeleka diski kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeomba katika nchi yoyote, mpaka mwaka 2011. Mwaka ule ule wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, yenye maelekezo kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kiwanda awafungulie. Maandishi yalikuwa wazi.

Leo kiini kile cha Helsinki kimo katika kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, na kimo pia katika kila simu ya Android, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2008. Usidanganyike, lakini: katika simu hizo kiini ni huria, na programu nyingi zilizowekwa juu yake zimetiwa kufuli.

Kazi ya wiki hii. Kama wewe au jirani yako ana simu ya Android, fungua mipangilio, uende mahali panapoeleza habari za simu, kisha utafute maelezo ya kisheria na leseni. Utaona maandishi marefu ya Kiingereza. Usiyaogope, wala usijaribu kuyasoma yote. Tafuta herufi tatu tu, G, P na L, ukizipata uzinakili katika daftari lako pamoja na mwaka 1992, uje nazo darasani.